Folda inaanika faili zote hadharani

SWALI: Tovuti ya shule yetu iko kwenye seva ya Ubuntu yenye Apache 2.4 (programu inayotoa kurasa za tovuti). Mtu akifungua /nyaraka/ anaona orodha ya faili zote. Nimeweka humo .htaccess (faili ya mipangilio ya folda) yenye mstari Options -Indexes wa kuzima orodha hiyo, lakini wapi! Halafu ukurasa wa mbele bado ni index.html ya zamani ingawa index.php mpya ipo.

JIBU: Apache ikiombwa folda, kwanza hutafuta faili zilizotajwa kwenye DirectoryIndex. Isipokuta hata moja, moduli ya autoindex hutengeneza orodha, mradi Indexes (ruhusa ya kuonyesha orodha) imeruhusiwa. Kwenye Ubuntu, apache2.conf, faili kuu ya mipangilio, inairuhusu kwa /var/www/ yote, na hapo hapo imeandikwa AllowOverride None. Hicho ndicho kikwazo chako: .htaccess haisomwi kabisa. Andika upuuzi humo uone. Ukurasa ukifunguka bila kosa la 500 (hitilafu ya seva), basi ndivyo ilivyo.

Kwa kuwa seva ni yenu, achana na .htaccess. Fungua faili ya tovuti ndani ya /etc/apache2/sites-available/ na uweke haya ndani ya VirtualHost, sehemu yenye mipangilio ya tovuti yenu:

<Directory /var/www/html>
    Options -Indexes
    DirectoryIndex index.php index.html
</Directory>

Usiandike Options -Indexes FollowSymLinks. Ama zote ziwe na alama ya + au -, ama zote zikose. Ukichanganya, Apache inakataa. Endesha sudo apache2ctl configtest, na ukiona Syntax OK, sudo systemctl reload apache2.

Pima kwa curl -I, amri inayoonyesha vichwa vya jibu la seva tu, ukimalizia anwani kwa mkwaju (/). Bila mkwaju utapata 301 tu, yaani Apache inakuelekeza kwenye /nyaraka/. Jibu sahihi ni 403 (hairuhusiwi), na error.log, kumbukumbu ya makosa ya Apache, itaandika AH01276, yaani orodha ya folda imekatazwa. Hapo hakijaharibika kitu.

Mstari wa DirectoryIndex ndio unaotibu ukurasa wa mbele: mpangilio wa kawaida hutanguliza index.html, na inayokutwa kwanza ndiyo inayotolewa. Ila hakikisheni kwanza PHP imewekwa na inafanya kazi, la sivyo wageni watapewa msimbo wenyewe, na nywila za hifadhidata zikiwamo humo.

Kuficha orodha si kufunga mlango, lakini. Anayejua jina la faili bado ataipakua. Matokeo ya wanafunzi na nakala rudufu za hifadhidata zihamishieni nje ya /var/www/html leo hii.