Kwa mnaoanza The Crucible: msimwangalie Abigail peke yake

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu mkakuta The Crucible ya Arthur Miller, ile ya kesi za uchawi za Salem, imekaa kwenye orodha ya tamthilia, karibuni. Mi niliisoma semista nzima halafu nikaja kuicheza stejini, nikapewa Mary Warren, mmoja wa wasichana wanaoshtaki watu uchawi, kwa hiyo nimeikosea darasani na nimeikosea mbele za watu, na haya ni yale ambayo ningefurahi kama mtu angeninong'oneza kabla sijakabidhi esei yangu ya kwanza, ambayo ilirudi imejaa wino mwekundu kila kona.

Wino ulianzia sentensi ya kwanza kabisa. Niliandika kwamba watu wa Salem walichomwa moto. Hawakuchomwa jamani! Salem ya 1692 ilikuwa ndani ya koloni la Mwingereza huko Massachusetts, na kwa sheria ya Mwingereza mchawi alinyongwa. Walionyongwa ni 19, mzee Giles Corey yeye alikandamizwa kwa mawe kifuani hadi akafa kwa sababu aligoma kujibu shtaka, na wengine walifia jela. Ni mstari mmoja tu kwenye esei lakini ukiukosea, anayesahihisha anaanza kukutilia shaka mpaka mwisho.

Sasa kosa kubwa, ambalo karibu darasa zima tulilifanya. Tuliandika kurasa na kurasa kuhusu Abigail Williams, mwongo, ana wivu, anamtaka mume wa mtu, katili. Yote kweli. Lakini hebu mwangalie vizuri huyo binti, ana miaka 17, yatima, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa John Proctor, huyo huyo mume wa mtu, akatimuliwa, anakaa kwa mjomba wake mchungaji Parris ambaye mwenyewe anahofia kibarua chake. Kwenye kijiji kile mtu wa namna hiyo hana sauti yoyote, akidanganya angechapwa fimbo na habari ikaishia jikoni. Sasa imekuwaje kufika tendo la tatu anamtishia naibu gavana mzima mbele ya mahakama na naibu gavana anameza mate? Swali lako liwe hilo.

Mi kilichonisaidia ni daftari. Nilichora kolamu nne, nani kasema uongo, alikuwa anaogopa nini, kapata nini, na ya nne, nani kauandika. Kolamu tatu za mwanzo kila mtu anazijaza. Ya nne ndo ilinifungua macho, manake kila uongo kwenye ile tamthilia kuna mtu mzima mwenye cheo au mali aliyeupokea akaupa kiti akae.

Anza na Tituba, mtumwa wa Parris kutoka Barbados. Wasichana wamefumwa wanacheza msituni usiku, Betty, binti wa Parris, kalala kitandani haamki, mchungaji Hale, aliyeitwa kuchunguza uchawi, kaja na mavitabu yake mazito. Tituba anabanwa, anakataa, Parris anatishia kumchapa hadi afe, Putnam, tajiri wa mashamba pale kijijini, anasema anyongwe. Kisha wanamuuliza, shetani alipokuja kwako alikuja na nani? Soma hapo polepole, tafadhali. Putnam ndo anayechomekea majina, anamuuliza ni Sarah Good? au ni Osburn? Na baada ya mistari kadhaa Tituba anawataja hao hao wawili. Yaani majina aliletewa mkononi, yeye kayarudisha tu. Na Abigail yupo pembeni anaangalia, anaona jinsi sauti za wakubwa zilivyobadilika ghafla, mtu aliyekuwa anaenda kunyongwa sasa anashikwa mkono na kubembelezwa, na hapo hapo na yeye anainuka anaanza kutaja. Kaona mlango uko wapi. Kwenye prezentesheni ya kwanza niliruka hiki kipande nikaenda moja kwa moja kwenye mapenzi ya Proctor, najuta.

Putnam mfuatilieni hadi mwisho, huyo ni wa ardhi. Tendo la tatu Giles Corey anasimama anasema Putnam kamchochea binti yake amtaje George Jacobs, kwa sababu Jacobs akinyongwa kama mchawi shamba linataifishwa na mwenye hela ya kulinunua ni Putnam peke yake. Hapa sisi tunaotoka huku hatuhitaji maelezo marefu, aliyekulia Kilifi au Shinyanga anajua mzee mwenye mvi au bibi mwenye macho mekundu ya moshi anavyoitwa mchawi huku wenye haraka na shamba wamekaa kimya nyuma. Weka mfano huo, ni halali, aya moja inatosha. Ila msiingie kwenye mjadala wa je uchawi upo au haupo, sisi tuliingia, semina ya masaa mawili ikaisha watu wanasimuliana habari za fisi na ungo na hakuna aliyefungua kitabu.

Kuna yule mwanasesere pia. Mary Warren kamshona akiwa kakaa mahakamani, sindano kaichomeka kwenye tumbo la mwanasesere isipotee, na Abigail alikuwa kakaa pembeni yake. Jioni Mary anampa Elizabeth, mke wa Proctor, kama zawadi. Usiku ule ule Abigail anaanguka mezani kwa Parris akipiga kelele, inachomolewa sindano tumboni mwake, na Cheever, karani wa mahakama, anakuja na hati kutafuta mwanasesere kwa Proctor na anamkuta kweli, na sindano yake. Huu ni mfano safi wa kubambikiwa kesi na msiuandike kwa haraka haraka, angalieni kwamba kila kipande chake ni cha kweli. Mwanasesere yupo, sindano ipo, damu ipo, kidonda kipo. Uongo uko kwenye kamba tu inayoviunganisha. Na Mary anasema wazi kwamba kamshona yeye, sindano ni yake, muulizeni hata Abby (ndo Abigail) alikuwa kando yangu, lakini Hale anamuuliza kama ana uhakika hajatiwa uchawi aseme hivyo. Ushahidi unaomtetea mtu unageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Hapo ndo mnakutana na hesabu ya Danforth, yule naibu gavana anayesikiliza kesi, ambayo niliidharau nikidhani jaji ni mjinga tu. Siyo mjinga, na mkimwandika kama mjinga mtapoteza maksi. Anasema uchawi ni kosa lisiloonekana, anayeuona ni mchawi na anayerogwa, mchawi hawezi kujishtaki, kwa hiyo anabaki aliyerogwa, na huyo ndo analia pale mbele, tumsikilize. Ukikubali hatua ya kwanza umeshakwisha. Salem ya kweli ilikuwa hivyo hivyo, walipokea ushahidi kwamba umbo la mshtakiwa lilimtokea mtu na kumkaba, sasa hata ulete mashahidi kumi kwamba usiku ule ulikuwa kwako unakoroga uji itakusaidia nini, wao wanasema mwili ulikuwa jikoni na umbo lilikuwa kwa jirani. Halafu juu ya hapo, anayekiri anaishi na anayekataa ananyongwa. Muongo anarudi nyumbani, msema kweli anapandishwa mti. Gavana William Phips alipoivunja ile mahakama Oktoba 1692, na mahakama mpya ya 1693 ikaacha kuegemea hayo maumbo, wengi wakaachiwa.

Sasa kuhusu stejini. Tendo la tatu Mary Warren kaja kusema kwamba zile kuanguka na kupiga mayowe zote walikuwa wanaigiza. Anaambiwa basi zimia, tuone. Hawezi. Kwenye skripti ni mistari michache, nikaona rahisi. Siku ya kwanza ya mazoezi nilisimama pale kama mlingoti, watu wote wananiangalia wakingoja nizimie, na nikaelewa kwa nini hawezi: mwanzo walizimia kwa sababu wenzao walikuwa wanapiga kelele na majaji wanaamini na chumba kizima kinawabeba, sasa chumba kimepoa. Anasema ukweli na ukweli wake unaonekana kama uongo. Dakika chache baadaye Abigail anaangalia juu darini anaona ndege wa njano, wasichana wote wanaanza kurudia kila neno la Mary. Nikisema Abby acha, wanasema Abby acha. Mwanzoni tulikuwa tunacheka hadi machozi. Dairekta akasema leo hatukati, endeleeni dakika tano, na ile dakika ya tatu nilisahau mistari yangu yote nikabaki nawaomba wanyamaze kweli kweli, kwa Kiswahili, na wao wakairudia kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika kwamba Mary ni dhaifu. Anayetaka kumhukumu asimame pale kwanza.

Elizabeth nitampitia upesi ingawa ndo uchungu wenyewe. Proctor kakiri kuzini na Abigail ili kuvunja sifa ya binti, na kaapa kwamba mke wake hajawahi kusema uongo maishani. Elizabeth anaitwa, Proctor na Abigail wamegeuzwa migongo asisome uso, anaulizwa mume wako ni mzinzi? Anasema hapana. Uongo mmoja tu, wa kumfichia mume aibu, na mahakama iliyokataa ukweli wote wa siku ile inaupokea huo mara moja.

Mambo mawili ya tahadhari halafu niwaache. Msiitumie tamthilia kama kitabu cha historia. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka kama 11 au 12 na Proctor mwanaume wa miaka kama 60, mapenzi kayatia Miller. La pili ni Marekani ya miaka ya 50 na msako wa wakomunisti, ambao tamthilia hii hufananishwa nao. McCarthy, jina maarufu la msako huo, alikuwa seneta, kamati iliyomwita Miller ilikuwa ya Baraza la Wawakilishi, ni vitu viwili, msivichanganye kama nilivyovichanganya mimi. Na angalieni miaka. Tamthilia ilianza kuchezwa New York Januari 1953. Kwenye tendo la nne Proctor anakubali kusema dhambi yake mwenyewe ila anagoma kutaja jina la mtu mwingine. Miller aliitwa mbele ya kamati 1956, akajibu ya kwake, akagoma kutaja wenzake, 1957 akatiwa hatiani kwa hilo na 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu. Sasa wewe andika kwamba Miller alimwandika Proctor kutokana na kesi yake, uone hiyo alama ya kuuliza utakayochorewa pembeni, mi yangu ilikuwa kubwa kuliko jina langu.