Una muswada mkononi? Soma hii kabla hujasaini chochote

Kila nikikutana na mwandishi mpya aliyemaliza muswada, swali ni lilelile, nichapishe wapi. Nikimuuliza haki za kitabu zitabaki kwa nani, ananyamaza. Jamani wadogo zangu, kazi zenu nazisoma na nyingine ni nzuri mno, ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaanguka kwenye shimo lilelile kila mwaka. Naandika yote hapa.

1. Anza na nani anamlipa nani. Mchapishaji wa kweli anaweka hela yake, analipa mhariri, jalada, upangaji wa kurasa, uchapaji, halafu wewe anakupa mrabaha, yaani asilimia yako kwa kila kopi inayouzwa, na wengine wanakutangulizia kiasi ambacho baadaye kitakatwa kwenye mrabaha huohuo. Ukijichapishia unalipa mwenyewe, na kitabu ni chako chote. Njia zote mbili ni halali. Inayoumiza ni ile ya katikati, kampuni inajiita mchapishaji, inakutoza "paketi", halafu bado inachukua haki zako, yaani gharama umebeba wewe na uamuzi anao yeye. Mtu akiusifia muswada asubuhi na jioni akakutumia ankara, achana naye.

2. Mkataba usomwe wote, sio ukurasa wa mrabaha peke yake. Kuna mdogo wangu mmoja aliniletea wa kwake akiwa kashasaini, alitaka tu tufurahi pamoja maana kitabu kilikuwa kinaenda mtamboni. Nikafika kwenye kipengele cha haki: haki zote, lugha zote, mifumo yote iliyopo na itakayobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki. Yeye alidhani huo muda wa hakimiliki ni miaka michache hivi. Sasa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unasema angalau maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na nchi nyingi zimefika 70, kwa hiyo alichosaini kinawahusu mpaka wajukuu zake. Alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Baadaye kampuni ikachapa kopi chache ikaacha, akaomba arudishiwe kitabu, akajibiwa bado kipo sokoni kwa sababu softikopi ipo mtandaoni, hata kama hakuna anayeinunua. Akatokea mtu anataka kukifanya kitabu cha sauti, dili nzuri kabisa, hakuweza kukubali maana haki sio yake. Kibaya zaidi kulikuwa na kipengele kwamba muswada unaofuata lazima waone wao kwanza, na ule wa pili alikuwa kashaumaliza. Yote hayo yalikuwa yameandikwa, kurasa tatu baada ya alipoishia kusoma.

Kwa hiyo toa haki mojamoja, lugha hii, fomati hii, miaka kadhaa. Na dai kipengele cha haki kurudi kwako kinachopimwa kwa kopi zilizouzwa ndani ya mwaka, sio kwa neno "kinapatikana".

3. Mrabaha ni asilimia ya nini? Hapa watu wanapigwa sana. 10% ya bei ya jalada inaweza kuzidi 15% ya mapato halisi, yaani hela inayomfikia mchapishaji, maana duka likichukua nusu ya bei, hiyo 15% inabaki 7.5% ya jalada, na bado hujaambiwa "mapato halisi" yamekatwa nini kingine.

4. Mnaojichapishia Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, ile 70% ya mrabaha wa softikopi mnayoisikia ni kwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 na kwa nchi zilizo kwenye orodha yao, nje ya hapo ni 35%. KDP Select, mpango wao wa kujiunga kwa hiari, inakufunga siku 90 usiuze softikopi hiyo kwingine na inajirudia yenyewe usipoizima, ila hadikopi haifungwi. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya bure wanayokupa kwa hadikopi huwezi kuhama nayo, na ISBN ya fomati moja haitumiki kwa nyingine, ila softikopi ya KDP si lazima iwe nayo.

5. Mhariri kabla ya jalada, siku zote.

6. Agiza prufu ya karatasi, yaani kopi moja ya kukagua kabla ya kuuza, kwenye skrini hutaona maandishi yaliyoingia kwenye mshono.

7. Kama mkataba uko mezani sasa hivi usisaini leo. Tuma maswali kwa maandishi: haki zipi mnachukua, zinarudi lini, mrabaha ni wa bei ipi, na ripoti ya mauzo naipata kila baada ya muda gani. Mchapishaji makini amezoea kuulizwa na atakujibu bila kununa. Anayekwambia saini leo la sivyo ofa inafutwa, mwache aifute.