Nimefungiwa gemu niliyoilipia: je, nimedhulumiwa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Jinja, nimemaliza S6 (kidato cha sita) mwaka jana. Nilinunua gemu ya kurushiana risasi ya mtandaoni. Mjomba alinilipia kwa kadi yake ya benki, nami nikamrudishia kwa simu. Baadaye nikaweka programu inayolenga yenyewe na kuonyesha adui aliye nyuma ya ukuta. Kampuni imeifungia akaunti yangu maisha, siwezi tena kucheza na watu. Si dhulma hiyo, kunizuia mali yangu? Wengi niliocheza nao si Waislamu, na hatuchezei pesa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemuuzia rafiki yangu akaunti nyingine kwa shilingi 80,000. Niliipandisha daraja kwa programu hiyohiyo, naye hajui. Na je, naweza kufungua akaunti mpya kwa jina la dada yangu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Mwanangu, kwa kukuzuia usicheze na watu, kampuni haikukudhulumu. Wanazuoni wa fiqhi wanatenganisha kununua kitu chenyewe na kununua manfaa yake. Gemu za namna hii huuzwa kama leseni: unapewa ruhusa ya kucheza kwa masharti, na kutotumia programu za udanganyifu ni mojawapo. Ulibonyeza kukubali. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 1: “Enyi mlioamini! Timizeni ahadi.” Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima ana haki ya kulala ndani ya nyumba, lakini hana haki ya kutoboa ukuta wa jirani.

Na majirani hao ndio ninaotaka uwafikirie, kwani swali lako limewapita upesi. Kila uliyempiga risasi kupitia ukutani naye alilipia gemu. Kama yuko Gulu au Mbarara, alinunua na bando, ambalo hapa Uganda lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Akakaa saa nzima akishindwa, akidhani mkono wake ni mzito, kumbe anashindana na programu. Pesa hiyo na saa hiyo ni haki yake, nawe umeila kwa batili. Kwamba hamkuchezea pesa kunakuepusha na kamari, hakukuepushi na ghushi. Wala usiseme si Waislamu. Katika sura hiyohiyo, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse hawa ambao hawajakukosea lolote.

Lau ungeitumia programu ile ukicheza peke yako na mashine, nisingekuwa na neno kubwa nawe, maadamu masharti hayakatazi na swala haikupiti.

Kampuni nayo ina mipaka, na hili nalisema kwa nguvu ileile. Allah amesema malipo ya uovu ni uovu mfano wake (Ash-Shura, 40), na ametuamuru tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua (Al-Hujurat, 6). Aliyeharibu mchezo wa watu atolewe mchezoni mwa watu. Kumnyang'anya hata sehemu anayocheza peke yake, au gemu nyingine alizolipia, ni kupita kiasi. Valve ya Marekani, wenye duka la Steam, mfumo wao wa kunasa udanganyifu ukikukamata hufunga milango ya sava zinazolindwa na mfumo huo tu, na gemu hubaki kwako. Hilo liko karibu na uadilifu. Mwaka 2010 mfumo huohuo uliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2. Valve waliwafungulia, wakaomba radhi na kuwapa gemu nyingine bure. Basi kampuni isiyotaka kusikiliza rufaa ya mtu yeyote inajiweka mahali pa hatari mbele ya Mola wake. Vilevile muuzaji aseme wazi anachouza. Jimbo la California, tangu Januari 2025, linawataka wauzaji wa mtandaoni wamweleze mteja kwamba anapata leseni. Sheria hiyo si ya Kiislamu, lakini kuondoa gharari, yaani utata juu ya kinachouzwa, katika biashara ni jambo letu tangu zamani.

Sasa zile 80,000, ambazo kwangu ndizo nzito kuliko yote uliyouliza. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia: mbona hukukiweka juu watu wakaona? Kisha akasema, mwenye kughushi si katika mimi. Ameipokea Muslim. Daraja la akaunti uliyouza ndilo hilo lundo. Rafiki yako amelipia ustadi usiokuwepo, na anaweza kuamka kesho akakuta imefungwa kwa kosa lako. Mwendee, mweleze jinsi ulivyoipandisha, umpe pesa yake yote. Usikate chochote kwa sababu ameitumia. Akichagua kukusamehe baada ya kujua, hapo ni halali yako. Kabla ya kujua, ukimya wake si msamaha. Kama pesa imekwisha, ni deni, lipa kidogokidogo kwa makubaliano naye.

Wale uliocheza nao huwafahamu na huwezi kuwapata. Kwao, acha kabisa, futa programu hiyo leo, omba maghfira, na uwaombee kheri.

Jina la dada yako usilitumie. Huo ni uongo juu ya kosa la kwanza, na ukikamatwa tena, jina lake ndilo litakaloandikwa. Yasome masharti ya kampuni: yakikuruhusu kununua upya, nunua kwa jina lako na ucheze kwa mikono yako. Yakikataza, baki na sehemu ya kucheza peke yako. Ukiamini kuna kosa katika hukumu yao, wakatie rufaa, lakini kwa maelezo yako mwenyewe hapa, huna rufaa ya kukata.

Wallahu a'lam.