Barua za wasomaji: Corolla iliyolala chini ya mwarobaini

Toleo lililopita niliomba mniandikie kuhusu gari lenu la kwanza, na jamani mmeandika. Nimechukua barua tatu, zote za kanda yetu hii ya kati. Hii ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenigusa sana.

SWALI: Habari za kazi binti yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Kikuyu hapa Dodoma. Gari langu la kwanza na la mwisho ni Toyota Corolla KE70, nilinunua mwaka 1996 kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahamia Tabora, nikamlipa kwa awamu nne na ng'ombe wawili juu. Nimeliendesha mpaka 2009, likachemsha nikitoka Mpunguzi, likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, nikaliegesha chini ya mwarobaini nikijua mwisho wa mwezi nitaita fundi. Hapo ndipo lilipo mpaka leo. Sasa wanangu wanataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha pale pale, maana Dodoma ya sasa unaijua, wapangaji kila siku wanagonga geti. Wiki iliyopita wameleta mtu wa vyuma chakavu, nilipomwona analipiga teke tairi moyo uliniuma kama kapigwa mtu. Wananiambia baba unang'ang'ania mkweche. Mimi sina hata maneno ya kuwajibu. Nisaidie mawili, je linaweza kuwaka tena, na je nakosea kulikatalia? (Mwalimu mstaafu, Kikuyu)

JIBU: Mbukwa mwalimu, nakusalimu kwa Kigogo, na shikamoo yako naileta kwa mikono miwili.

Nianze na la pili maana ndilo lililokufanya ushike kalamu. Hukosei. Na nitakuambia kwa nini nasema hivyo, ila itabidi univumilie nikupeleke kwenye gari langu mimi kwanza.

Mwaka 2002 nilinunua Starlet nyeupe, imetumika sana, nikiwa naishi Chang'ombe. Mtaa wetu mzima ule ndo ulikuwa usafiri peke yake wa ndani ya geti, bodaboda hazijaingia bado, taksi usiku ukitaka mpaka mtu atembee kwenda mjini. Mlango wa abiria wa mbele ulikuwa haushiki, komeo limelika, nikawa naufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, unakizungusha kwenye mkono wa mlango halafu unakipitisha chini ya siti. Siku nampeleka mama Kondoa ile tyubu ikakatika tukiwa tumeshapita Haneti. Enzi hizo barabara ya Kondoa yote ni vumbi, vumbi lile jekundu linaingia mpaka kwenye meno, na kila tuta mlango unataka kufunguka. Nikataka kusimama nitafute kamba, mama akakataa, akasema we endesha jua lisituzamie, akaushika ule mlango kwa mkono wa kushoto, kanga kaizungushia kwenye vidole isimkate, akaushika hivyo hivyo mpaka tunaingia Kondoa. Tulipofika vidole vilikuwa haviwezi kunyooka, shangazi akamkanda kwa maji ya moto. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Nikikumbuka Starlet sikumbuki injini wala rangi, nakumbuka ule mkono.

Sasa sikiliza hapa mwalimu. Lile gari nililiuza 2008, na sikubaki na kitu, hata picha moja sina, hata funguo ya akiba nilimpa mnunuzi. Miaka ikapita. Siku moja nipo soko la Majengo nanunua karanga, mama mmoja akanishika bega, akaniuliza hunikumbuki, nikamwambia samahani dada sikukumbuki, akasema mimi ulinipeleka hospitali ya Jenerali usiku wa mvua nikiwa na uchungu, nililala kwenye siti ya nyuma nimeuma ule mkanda wa siti, mtoto wangu yupo sekondari saa hizi. Yaani mwalimu, nilikuwa nimesahau kabisa! Usiku ambao kwake ulikuwa usiku mkubwa kuliko yote, kwangu ulikuwa umeshafutika, maana nilikuwa napeleka watu wengi tu, leo mgonjwa, kesho jeneza, keshokutwa bibi harusi na maua ya plastiki kwenye boneti. Nikasimama pale sokoni na karanga zangu nikawa nawaza, kumbe habari za lile gari wamebaki nazo wao, mimi nina kipande tu.

Ndo maana huna maneno ya kuwajibu wanao. Maneno mengi ya hilo gari hayapo kwako, yapo kwa uliowabeba. Kwa hiyo ombi langu ni hili, kabla yule wa vyuma chakavu hajarudi na mizani yake, chagua Jumapili moja ukitoka kanisani au siku yoyote watu wanapokuwa nyumbani, tandika mkeka hapo hapo chini ya mwarobaini, uwaite. Ita jirani uliyempeleka hospitali, ita mwanafunzi wako uliyempeleka na sanduku lake la bati stesheni, mwite hata yule mwenzako wa Tabora kwa simu, umuulize alilinunua kwa nani. Waache waseme. Wajukuu wakae na simu warekodi, hiyo kazi wanaiweza kuliko sisi. Na wanao wakae wasikilize, wengine nina hakika walikuwa wadogo, wanalijua gari likiwa limelala tu, hawajawahi kuliona linapanda kilima na watu saba ndani.

Kuhusu vyumba, hapo nipo upande wa watoto. Kiwanja ni mali na wapangaji wapo kweli, tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016 na Dodoma ikawa jiji 2018 vyumba havikai wazi. Lakini gari lina matairi. Lisukumwe mita chache upande wa choo au kwenye ukuta, libaki na kivuli chake, na msingi uchimbwe. Hayo mambo mawili hayagombani.

Sasa kuwaka. Nimekaa na fundi wangu wa muda mrefu, mtu wa KE hizi hizi, tukaijadili barua yako. Habari njema ni kwamba KE70 ni gari rahisi, injini yake ya 4K ni ya kabureta, bloku, yaani mwili wa injini, ni la chuma, waya zenyewe za kuhesabu, hakuna kompyuta ya kukusumbua. Na umeliegesha Dodoma, hewa yetu kavu, mvua zenyewe tunapata Desemba mpaka Aprili basi, lingekuwa limelala Dar au Tanga chumvi ya bahari ingeshakula sakafu yote. Shida ni kwamba lilisimama kwa kuchemsha, na likichemsha sana gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi iliyo juu yake, inaungua, pengine hedi yenyewe imepinda.

Kitu cha muhimu kuliko vyote, MTU ASIWEKE BETRI NA KUPIGA STATA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua vijana watakuja na betri ya bajaji wakijaribu. Injini iliyokaa miaka yote hiyo ring'i, vile vipete vya pistoni, zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, ukilazimisha unavunja. Chomoa ile stiki ya oili kwanza uitazame, ukiona rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, gasketi imekwenda. Kisha fungua plagi zote nne, mimina oili kidogo kila tundu, kama kijiko cha chakula hivi, uache siku mbili tatu ilowane. Baada ya hapo weka spana kwenye puli ya chini ya injini, uzungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka mwalimu, shukuru Mungu, una injini. Isipozunguka ongeza oili na subira.

Ikishazunguka ndo unamwaga petroli yote ya zamani, itakuwa imeshakuwa kama gundi inanuka vanishi, tangi lisafishwe, kabureta ifunguliwe, oili mpya. Breki zote raba zake zitakuwa zimekauka, masta silinda na zile ndogo za kwenye matairi, usiliendeshe hata kufika barabarani kabla hazijabadilishwa. Matairi hata yakijaa upepo yasikudanganye, tazama ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho kwenye kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2308 ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Hayo ni ya kutupa. Na kabla hujaingiza mkono popote gonga gonga kwanza, nyoka na nge wanapenda sana magari yaliyolala.

La karatasi fupi tu: rodi laisensi, ile ada ya gari ya kila mwaka, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, ila wewe umesimama tangu 2009, kwa hiyo nenda TRA, wale wa mapato, na kadi ya gari wakuangalizie kama kuna deni la nyuma, na kama kadi bado ina jina la yule wa Tabora hilo nalo limalizwe wakati mko hai wote wawili.

Na ikitokea baada ya yote hayo umeamua mwenyewe kuliuza, uza likiwa zima. Chuma chakavu wanapima kilo na hiyo Corolla haifiki hata tani moja, pesa yake itaisha kabla saruji haijakauka. Kuna vijana wanazitafuta KE70 kwa hamu kwa sababu zinasukuma kwa matairi ya nyuma, wanazinyoosha bodi na kuzipiga rangi upya. Mmoja wao akija nyumbani kwako hatalipiga teke, atainama kulitazama kwa chini.

SWALI: Mambo dada. Mi ni nesi nipo Singida, ndo nimenunua gari langu la kwanza IST, nina furaha hata usingizi sipati. Nasafiri sana kwenda Igunga nashuka na kupanda mlima wa Sekenke. Baba anasema kwenye rejeta niweke maji ya bomba tu, wao magari yao waliweka hata maji ya korongo na hayakufa. Fundi anasema kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Nimsikilize nani bila kumvunjia baba heshima? (Mwenye IST, Singida)

JIBU: Hongera mdogo wangu, furahi kabisa, hiyo ya kukosa usingizi wote tumeipitia, mimi nilikuwa naamka usiku nachungulia dirishani kama lipo.

Baba hajakudanganya, kwa gari lake alikuwa sahihi. Magari yale bloku lilikuwa chuma zito, njia za maji pana, likichemka unasimama, unasubiri, unajaza, unaendelea. IST injini yake bloku ni aluminiamu, ikipata joto kupita kiasi mara moja tu inaweza kupinda na hapo unazungumzia kubadilisha injini nzima. Na maji ya visima vya huku kwetu kati unayajua yana chumvi, tazama sufuria ya chai ilivyo na ukoko mweupe ndani, sasa ukoko ule ule unajijenga ndani ya rejeta na kuziba vile vijinjia.

Halafu kuna jambo la mwinuko. Huku kwetu ni kama mita 1,100 kwenda juu kutoka usawa wa bahari, Singida mmezidi hata hapo, na kwa mita 1,100 tu maji ya sufuriani yanachemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Kinachoyazuia yasichemke kwenye gari ni mfuniko wa rejeta, unabana presha. Mfuniko ukilegea raba, hata kulanti nzuri haikusaidii, kwa hiyo ukaguliwe, ni kitu cha bei ndogo. Toyota wana kulanti nyekundu na ya pinki, tumia ya aina moja na usichanganye hovyo. Kupanda Sekenke nyuma ya lori usilazimishe, toa gia ya juu, zima AC mshale wa joto ukianza kupanda. Na mfuniko usiufungue gari likiwa la moto, hata kama unaharakishwa na abiria.

Kwa baba, mwambie hivi: baba nitaweka kulanti, ila naomba siku ya kwanza kwenda Igunga unisindikize, ukae mbele. Atasahau habari ya maji.

SWALI: Nina picha ya babu yangu Mpwapwa kasimama na Land Rover aliyoinunua kwenye mnada miaka ya 70. Mbele kwenye bampa kunaning'inia kitu kama mkoba wa turubai. Babu yupo ila masikio yamekuwa mazito. Ni nini kile? (Mjukuu, Mpwapwa)

JIBU: Hicho ni mfuko wa maji. Turubai lake linavuja kidogo kidogo makusudi, nje linakuwa na unyevu muda wote, gari likitembea upepo unaukausha ule unyevu na kuchukua joto la ndani, kazi ile ile ya mtungi. Maji yake yalikuwa ya kunywa na pia ya kuongeza kwenye rejeta, na kwa barabara za vumbi za enzi hizo, toka Mpwapwa mpaka unafika mjini, yalikuwa yanahitajika yote mawili.

Masikio yakiwa mazito macho bado yapo. Ichapishe ile picha iwe kubwa, umwekee mapajani, uweke kidole chako kwenye ule mfuko, halafu kaa.