Swali la msomaji: Bordeaux yangu ya 2010 imezeeka au imeharibika?

SWALI

Mwanangu, hujambo? Nilifanya kazi Brussels kwa miaka mingi, na mwaka 2013 nilinunua kasha la chupa 12 za mvinyo mwekundu wa Haut-Médoc, sehemu ya Bordeaux kule Ufaransa, zao la 2010. Muuzaji aliniambia ni mchanganyiko wa zabibu za aina tatu: Cabernet Sauvignon asilimia 60, Merlot 35 na Cabernet Franc 5, akanishauri nifungue chupa moja moja kila baada ya miaka kadhaa ili nione unavyokua. Nyingine tulikunywa na wageni, lakini nne niliziandikia katika daftari.

Mwaka 2014: rangi nzito ya zambarau, harufu ya matunda meusi na vanila, ukakasi mwingi lakini unapendeza. Mwaka 2017: hakuna harufu, mgumu, mchungu, nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Mwaka 2020: tumbaku, mbao, ulaini, bora kuliko zote. Mwaka 2022 nilistaafu, nikarudi Dar es Salaam na chupa zilizobaki, nikazisimamisha stoo. Mwezi uliopita nimefungua moja: rangi ya tofali, mashapo chini ya chupa, harufu ya ngozi, uyoga, matunda yaliyokauka, na kwa mbali zizi la farasi. Baada ya nusu saa ikawa nzuri zaidi, lakini kiasi nilichobakiza hadi kesho yake kilikuwa kimekwisha kabisa. Zimebaki tano, na moja kizibo chake kimenyanyuka kidogo. Je, umeharibika, au ndivyo unavyozeeka? Niendelee kusubiri?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Kwanza nikushukuru kwa daftari hilo. Wengi huniuliza kuhusu mvinyo wa zamani wakiwa na kumbukumbu ya kichwani tu, na kumbukumbu ya ladha hudanganya mno. Wewe umeniletea kauli nne za mvinyo uleule, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha sana.

Jibu fupi: mvinyo wako haujaharibika. Umekomaa, na joto la stoo limeusukuma mbele kuliko umri wake. Hizo tano usizisubirishe tena.

Sasa tuufuate huo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2010 kule Bordeaux kiangazi kilikuwa kikavu na usiku ulikuwa wa baridi. Zabibu zikatoka ndogo, zenye ganda nene, tanini nyingi (kile kinacholeta ukakasi), kileo kingi, na bado zikabaki na uchachu mzuri. Huwa nadra kuvipata vyote hivyo katika zao moja. 2009, kwa mfano, ulikuwa mwaka wa joto uliotoa mvinyo mnene na mlaini tangu ujana wake. Ule wa 2010 umejengwa kwa ajili ya kukaa. Ulipoufungua 2014 ulikuwa na takriban miaka miwili tu ndani ya chupa, kwani kwa kawaida mvinyo wa Médoc hulazwa kwanza katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Vanila uliyoinusa ilitoka katika mbao hizo. Matunda meusi yalitoka katika zabibu zenyewe, hasa Cabernet Sauvignon. Na ukakasi, ule unaoukausha ulimi kama mtu aliyetafuna bibo, ndiyo tanini.

Chupa ya 2017 ndiyo iliyokutia hofu, nami nataka nikae hapo kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoikosea Bordeaux. Mvinyo wa aina hii haupandi ngazi moja kwa moja kutoka ujana hadi utu uzima. Kuna kipindi hujifunga. Harufu za matunda ya ujanani zimeshapungua, harufu za ukomavu bado hazijafika, na katikati hapo tanini inabaki peke yake. Ukinywa unakuta ugumu na uchungu. Ndiyo maana nawaambia wenye makasha: chupa moja ngumu ya mwaka wa sita au wa saba isikufanye uuze zilizobaki. Ulivumilia, na mwaka 2020 ukalipwa.

Mchanganyiko nao una kazi yake katika safari hiyo. Merlot huiva mapema zaidi shambani, hupenda udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, na ndani ya chupa hutoa unono na ulaini wa mapema. Cabernet Sauvignon hustawi katika changarawe za Médoc, kando ya mlango wa mto wa Gironde, ambazo hupitisha maji haraka na kuhifadhi joto. Hiyo ndiyo uti wa mgongo wa mvinyo wako, na ndiyo inayouwezesha kukaa muda mrefu. Cabernet Franc, hata ikiwa asilimia tano tu, huongeza manukato. Wakulima wa Bordeaux walianza kuchanganya zabibu kwa sababu ya hali ya hewa: mvua ya vuli ikiharibu Cabernet iliyochelewa kuiva, Merlot ilikwisha kuvunwa. Faida kwa mnywaji ni kwamba kila zabibu huzeeka kwa mwendo wake. Tumbaku na harufu ya mbao, inayokaribia mierezi, uliyoikuta 2020 ni alama ya Cabernet ya Médoc iliyoanza kukomaa.

Tuje kwenye rangi na mashapo. Rangi ya zambarau ya mvinyo mchanga hutokana na viini vya rangi vilivyomo katika ganda la zabibu. Miaka inavyopita, viini hivyo hushikamana na tanini, rangi ikaelekea wekundu wa kito, kisha tofali, na pembezoni mwa glasi ikawa na mwanga wa chungwa au kahawia. Sehemu ya muungano huo huwa kubwa kiasi cha kushindwa kuelea, ikatua chini. Hayo ndiyo mashapo. Hayana madhara yoyote mwilini, ila yana uchungu na yanachafua ladha yakitibuliwa. Kwa mvinyo wa 2010 rangi ya tofali si ajabu, ingawa ingekuwa chupa iliyolala pishini (chumba baridi cha kuhifadhia mvinyo) Brussels muda wote ningetarajia wekundu uliobaki kidogo zaidi katikati ya glasi.

Kuhusu harufu ya zizi: hutokana na hamira ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo hupenda kukaa katika mapipa. Pascal Chatonnet wa Bordeaux ndiye aliyefanya uchunguzi unaotajwa sana kuhusu kemia yake, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikiwa kidogo huonekana kama ngozi na wengi huipenda. Ikizidi hufunika kila kitu, ukabaki na farasi na bendeji ya hospitali. Wewe umesema kwa mbali. Hilo halinisumbui. Pia usilichanganye na kasoro ya kizibo, ambayo hunuka kadibodi iliyoloa au ghala lenye ukungu na huua matunda yote. Hiyo haiponi hata ukiacha mvinyo upate hewa siku nzima, bali huzidi.

Kinachonitia wasiwasi ni mambo mawili uliyoyataja kama kwa kupita: matunda yaliyokauka, na kizibo kilichonyanyuka. Pishi zuri huwa na nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, mwaka mzima bila kupandapanda. Stoo ya Dar isiyo na kiyoyozi hukaribia au kupita 30 kwa miezi mingi. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, mabadiliko mengi huenda kwa kasi ya takriban mara mbili kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Watu husikia hivyo wakadhani joto ni njia ya mkato ya kuzeesha mvinyo. Sivyo. Mabadiliko yote hayaongezi kasi kwa kiwango kimoja, kwa hiyo mvinyo uliokaa kwenye joto haufiki kule ambako ule wa pishini ungefika baadaye, unapotea njia. Harufu nyepesi hufifia kwanza, kisha matunda hugeuka kuwa zabibu kavu na jamu iliyopikwa, na mwisho karameli. Vilevile kimiminika kikipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo nje. Usiku kukipoa kidogo, hujikunja na kuvuta hewa ndani. Kusimamisha chupa kumeongeza shida, maana kizibo kisichoguswa na mvinyo hukauka na kulegea.

Lakini ushahidi wako mzuri kuliko wote ni huu: baada ya nusu saa mvinyo ulipendeza zaidi. Mvinyo uliokufa haufanyi hivyo. Huo huonyesha kitu kwa dakika chache unapofunguliwa, kisha unaanguka ndani ya glasi huku unautazama. Mimi nikipima mvinyo mzee, rangi huiacha iwe shahidi wa mwisho. Namimina kidogo, nanusa kabla ya kuzungusha glasi, naonja, kisha nameza na kungoja. Ladha ikiendelea kukaa mdomoni na kubadilika, mvinyo uko hai hata kama umekuwa kahawia. Ikikatika mara moja na kuacha uchachu mtupu au ukali wa kileo, umekwisha, hata kama bado una wekundu wa kuvutia. Halafu naiacha glasi nusu saa, naionja tena, na tena baada ya saa nzima. Kesho yake ni kipimo kikali mno kwa chupa ya umri huu. Kuporomoka kwake usiku mmoja kunatuambia tu kwamba akiba imebaki ndogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, zitoe chupa zote tano stoo, uzilaze kwenye friji ya kawaida, rafu ya chini, mbali na mlango unaofunguliwa kila mara. Friji ni baridi kupita kiasi na kavu kwa kuhifadhi miaka mingi, lakini kwa mwaka mmoja ni salama mno kuliko nyuzi 30. Kabati maalumu la mvinyo ni zuri ikiwa umeme wako ni wa uhakika, ila kwa chupa tano zinazokaribia mwisho sioni sababu ya gharama hiyo. Kabla ya kuzilaza, zimulike na tochi moja moja. Tazama mvinyo umefika wapi: ukiwa shingoni au umeshuka kidogo tu chini yake, sawa. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, chupa hiyo imevuta hewa, iwekee alama. Gusa karatasi iliyofunika kizibo. Ikinata, kuna uvujaji.

Yenye kizibo kilichonyanyuka ifungue kwanza, ndani ya mwezi huu. Ikifuatiwa na yoyote iliyoshuka. Zile zilizojaa vizuri zinaweza kukupeleka hadi mwaka mmoja, pengine na nusu. Ningekuwa wewe nisingevuka hapo kwa matumaini ya 2010 kuwa mwaka wa kukaa sana. Sifa hiyo ni ya chupa zilizolala mahali pa baridi, na zako zimekwisha kuitumia mapema.

Siku ya kufungua, simamisha chupa ndani ya friji kuanzia jana yake ili mashapo yatue. Itoe kama saa moja kabla, izibue taratibu. Kizibo cha umri huu kilichokauka hukatika, na kifunguo cha parafujo huweza kukisaga. Kile chenye ndimi mbili zinazopita pembeni mwa kizibo ni bora zaidi. Kikivunjika usihangaike, chuja mvinyo kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Mimina polepole katika jagi la kioo huku tochi ikimulika shingo ya chupa kwa nyuma, na wingu la mashapo likifika shingoni, simama. Usiumimine saa nyingi kabla, kama wanavyofanya kwa mvinyo mchanga wenye ukakasi. Nusu saa uliyoipata wewe mwenyewe ndiyo kipimo chake.

Unywe ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitungwa katika nyumba za Ulaya za zamani zilizokuwa na baridi. Katika chumba cha Dar, kileo kitapanda puani na kufunika harufu zote ulizozisubiri tangu 2013. Ukianza kupata joto mezani, rudisha jagi kwenye friji dakika kumi.

Na chakula, punguza pilipili. Pilipili huongeza makali ya kileo na uchungu wa tanini, na mvinyo mzee hauna matunda ya kutosha ya kujitetea. Nyama ya kondoo au ng'ombe iliyookwa kwa chumvi, kitunguu saumu na rosmari itaupa nafasi. Hata mbuzi wa kuchoma anafaa, mradi kachumbari yenye ndimu ikae sahani ya pembeni, kwa kuwa ndimu itaufanya mvinyo uonekane hauna uhai. Chupa mbili za kwanza ukizifungua kwa watu wanne au watano, hakutakuwa na cha kubakiza hadi kesho. Daftari liwe karibu, na uandike saa uliyofungua, uliyoonja mara ya pili na ya tatu. Ukiniletea maandishi ya hizo mbili nitaweza kukuambia kwa uhakika zaidi kama tatu zilizobaki zingoje sikukuu za mwisho wa mwaka au zisingoje.