Hakimu akiandika "circumstantial", amesema ushahidi ni dhaifu?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu amefungwa na Mahakama ya Wilaya hapa Tanga kwa wizi wa pikipiki. Hukumu imeandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja hakimu anasema ushahidi ni "circumstantial". Mbele anasema shahidi wa pili alitoa "circumstantial account", na kwamba anamwamini. Kamusi inaniambia neno hilo ni jambo la pembeni, lisilo la msingi. Sasa amefungwaje kwa mambo ya pembeni? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Marahaba, na poleni sana nyumbani. Kamusi haikukudanganya, ila maana uliyoishika siyo aliyoikusudia hakimu. Tena amelitumia neno hilo kwa maana mbili tofauti ndani ya hukumu moja.

Asili yake ni Kilatini: kusimama kandokando ya kitu. Ni yale yote yanayolizunguka tukio. Anayeyaona hayana uzito huyaita ya pembeni, ndiyo maana uliyoikuta. Anayeyasimulia yote bila kuruka, saa ngapi, nani alikuwa wapi, kavaa nini, huyo ametoa "circumstantial account", yaani maelezo ya kina. Kwa hiyo shahidi wa pili amesifiwa pale.

Kwenye ushahidi ni habari nyingine. Huo ndio tunaouita ushahidi wa mazingira, na wengi hudhani maana yake ni ushahidi wa kubahatisha. Sivyo hata kidogo. Chukua mfano: pikipiki imeibwa usiku barabara ya 12, hakuna aliyemwona mwizi. Alfajiri mtu anakutwa nayo Pongwe, kibao cha namba kimeng'olewa, namba ya chesisi imekwanguliwa nusu, na akiulizwa anasema kauziwa na mtu asiyemjua hata jina. Kila kimoja peke yake kina majibu. Vikikusanyika, vinambana. Sheria inaruhusu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni, akikosa maelezo ya kuridhisha, ahesabiwe kuwa ndiye mwizi. Lakini lazima mali ikutwe kwake, mlalamikaji athibitishe ni yake, iwe imeibwa muda si mrefu, na iwe ndiyo hiyohiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kimoja kikikosekana, hoja inaanguka.

Kipimo chenyewe ni kikali. Tangu shauri la Simon Musoke la 1958, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama zetu zinataka mambo yanayomwelemea mshtakiwa yasiweze kabisa kuafikiana na kwamba hana hatia, na yasielezeke kwa njia nyingine ya maana isipokuwa kwamba ni yeye. Wala usidhani shahidi wa macho ndiye bora siku zote. Katika shauri la Waziri Amani la 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wa kumfananisha mtu uondolewe kabisa. Macho ya usiku hukosea. Namba ya chesisi inayolingana na kadi ya pikipiki ni vigumu kuibishia.

Kwa hiyo kwenye hukumu ya mdogo wako usihangaike na neno. Tazama pikipiki ilitambuliwaje: kwa kadi na namba, au kwa mlalamikaji kusema tu "naijua"? Tazama pia mdogo wako alijieleza vipi, na kama hakimu aliyapima maelezo yake au aliyapita tu. Hakimu akiyapita bila kuyapima, hiyo ni sababu nzito ya rufaa.

Na muda unakwenda. Kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku mlizosubiri kupewa nakala hazihesabiwi kwenye hizo 45. Kama zimepita, ombeni kuongezewa muda Mahakama Kuu hapahapa Tanga, mkieleza sababu za kuchelewa. Kama yuko gerezani, anaweza kuwasilisha kusudio lake kupitia mkuu wa gereza.