Tulipotea bure, na bado naukumbuka usiku ule

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtu mwenye akili zake timamu anafuata nini kwenye mbio za Barkley, ambazo miaka mingine hakuna hata mmoja anayezimaliza? Swali nilisomea kwenye daladala, na kabla sijashuka nilishajibu kimoyomoyo: anafuata shida, kwa sababu kwao shida zimekwisha. Nilidhani nitaandika mistari mitatu ya namna hiyo nitume. Leo ni siku ya nne naandika na kufuta.

Kwa ambao hawajazifuatilia, mbio hizi hufanyika Marekani, jimbo la Tennessee, kwenye milima ya hifadhi ya Frozen Head. Wanaoingia ni kama 40 tu. Mizunguko ni mitano, kila mmoja unahesabiwa kilomita 32 ingawa waliokimbia wanasema ni zaidi, na yote lazima iishe ndani ya saa 60. Sehemu kubwa haina njia. Hakuna alama mitini, hakuna simu wala kifaa cha setilaiti. Ni ramani na dira. Huko porini vimefichwa vitabu, na katika kila kitabu mkimbiaji anachana ukurasa wenye namba aliyopewa, ili akirudi kwenye geti la njano pale kambini aonyeshe kwamba kweli alifika. Ukijumlisha milima yote unayopanda katika mizunguko mitano unapita meta 18,000. Sisi wa huku tuseme hivi: ni kuupanda Kilimanjaro mara tatu, tena ukianzia baharini.

Mwanzilishi ni Gary Cantrell, anayejiita Lazarus Lake. Alianza na rafiki yake mwaka 1986, na wazo lilitokana na James Earl Ray, yule aliyemuua Martin Luther King. Mwaka 1977 Ray alitoroka gereza la Brushy Mountain lililo katika milima hiyo hiyo. Akahangaika msituni saa zaidi ya 50, na walipomkamata alikuwa amefika kilomita 13 tu kutoka gerezani. Cantrell akasema kwa muda huo yeye angekwenda maili 100. Ndiyo ikawa mbio. Hadi leo wakimbiaji wanapitishwa kwenye handaki la maji chini ya gereza lile, ambalo sasa limefungwa.

Hapo ndipo nilipokasirika. Njia ya mtoro aliyekuwa akiwindwa na mbwa, leo watu wanaandika barua za kuomba waruhusiwe kuipita. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Nimekua nikiona wanawake wakipanda kutoka bondeni na mzigo wa viazi kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyewapulizia baragumu la kuanza wala kuwaandikia muda waliotumia. Hoja yangu ilikuwa hiyo, na nusu yake bado naishikilia.

Lakini nikiandika, usiku mmoja ukawa unanijia, na ndio nataka kuwasimulia hata kama hamkuuliza.

Nilikuwa na miaka 15. Tulikuwa tunaishi Mtae, na wanaoijua Mtae wanajua kijiji kile kimekaa ukingoni kabisa: nyuma yako milima, mbele yako ardhi inakatika na chini huko ni nyika tupu ya Mkomazi. Bibi aliugua ghafla, na mama mkubwa alikuwa ameolewa Mnazi, chini nyikani. Simu hazikuwepo. Mama akatutuma mimi na kaka yangu, yeye ana miaka 19, tukamwite. Tukaondoka baada ya alasiri. Njia ya miguu ipo, tunaijua, lakini kaka akasema tukiifuata giza litatukuta, tukate moja kwa moja.

Ukungu ulitushika tukiwa hata theluthi hatujafika. Watu wa pwani wakisikia ukungu wanafikiria kitu cha kupendeza. Ule wa kwetu mwezi wa kumi na mbili unakuwa mzito kiasi kwamba ukinyoosha mkono huuoni. Mvua ikafuata. Tochi yetu ya betri mbili ilikuwa na mwanga mwekundu, ule wa kufa, na tukaizima ili itusaidie kwenye makorongo. Kandambili yangu ya kushoto ilikatika, nikaifunga kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la kanga, ikakatika tena, nikaibeba mkononi. Sijui kwa nini niliibeba. Miiba ilikuwa inanishika begani, na nilijifunza usiku ule kwamba mwiba uliokushika usiuvute; unarudi nyuma nusu hatua, unakuachia wenyewe.

Tulizunguka. Najua tulizunguka kwa sababu jiwe moja lenye ufa mkubwa nililigusa kwa mkono mara mbili. Mara ya pili kaka akakaa chini akasema hatembei tena mpaka kuche. Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia. Na mimi, wakati bibi yangu yuko kitandani na kaka yangu analia matopeni, nilijisikia vizuri. Hili sijamwambia mtu miaka yote hii. Ada ya shule, maneno ya baba, nani ataosha vyombo, vyote vilikuwa vimenitoka. Nilikuwa na kazi moja tu, kujua hatua inayofuata inakanyaga wapi. Nilishika mchanga nikajua hapa maji hupita, na maji yanashuka. Nikamwambia kaka, "Inuka, shika kanga yangu." Akainuka.

Adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuokoa. Ilitoka chini, mkono wa kulia, wakati sisi tulikuwa tunaelekea kushoto. Tukageuka tukaifuata sauti mpaka ikaisha, kisha tukaufuata upande ilikotoka. Kulipopambazuka nyika yote ilikuwa mbele yetu, kahawia, na mabati ya Mnazi yanang'aa.

Mama mkubwa tulimkuta ameshafunga mzigo. Jirani aliyepita njia ya kawaida jioni ile ile alikuwa amemfikishia habari. Safari yetu haikuwa na kazi yoyote. Bibi akapona, akaishi miaka sita zaidi.

Sasa mwaka 2024 nilisoma habari za Jasmin Paris, Mwingereza, daktari wa mifugo, mama wa watoto wawili. Ndiye mwanamke wa kwanza kumaliza Barkley. Alikuwa ameshashindwa mwaka 2022 na 2023. Alifika zikiwa zimebaki sekunde 99, akagusa geti akaanguka, miguu yote imechanwa na miiba. Mwaka ule walimaliza watu watano, na kwa jumla tangu mwanzo walikuwa 20 tu. Mwaka uliofuata hakumaliza mtu. Ile picha yake akiwa ameegemea geti niliitazama sana. Haukuwa uso wa mtu aliyetafuta shida. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa na kazi moja tu.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka mikononi mwangu. Ningekwenda. Sisemi mitano, mzunguko mmoja, na kama ningeshindwa basi wanipigie lile tarumbeta la maziko wanalowapigia wanaojitoa, nitasimama nilisikilize. Ila naomba nisieleweke vibaya. Mama mwenye viazi kichwani anahitaji barabara, na mtu asije akatumia maneno yangu kumwambia mzigo wake una uzuri. Tofauti ni kwamba Jasmin angeweza kurudi kambini saa yoyote akapewa uji. Sisi usiku ule tusingeweza kurudi. Na bado, nikiupima moyo wangu, sioni kama furaha yake na yangu zilikuwa mbili.

Kaka sasa ni bodaboda Lushoto mjini. Jana nilimpigia nikamuuliza anakumbuka nini cha usiku ule. Akasema, "Baridi." Nikamuuliza tena, akasema, "Baridi, dada, nini kingine?"

Ada ya Barkley ni dola 1.60, na anayeingia kwa mara ya kwanza anatakiwa apeleke kibao cha namba ya gari kutoka kwao, wakitundike kambini. Kaka anacho kimoja cha pikipiki yake iliyokufa, kimepinda kona. Nimemwomba anitunzie.